Uzi: Bapa limeshakuwa gumu, tupa inateleza. Tunalimaliziaje kwa mkono?

#1 Springi_Fuso

Wakuu, heshima kwenu.

Nina bapa la kisu cha bucha lililotoka kwenye springi ya Fuso. Makali yana urefu wa sm 18, upana mm 30, mgongo mm 4. Mteremko ulipigwa tupa toka mgongoni mpaka kwenye makali, na makali yakaachwa na unene wa mm 1. Limechomwa, likazimishwa kwenye mafuta ya alizeti ya uvuguvugu, kisha likapashwa tena kwenye oveni ya mikate kwa nyuzi 200, saa mbili, mara mbili. Sasa tupa mpya inapita juu yake kama inapita kwenye chupa.

Kazi yake ni mbuzi: kuchuna na kukata. Grinda sina na siitaki. Kuna jiliwa, jiwe la kunolea la pande mbili, tupa tatu na keekee ya mkono. Niko Kizota, Dodoma, maduka ya mjini nafika.

Maswali: hiyo mm 1 naipunguzaje? Mikwaruzo ya tupa inatokaje? Na msuka (sehemu inayoingia kwenye mpini) sikuutoboa kabla ya kuzimisha. Nisameheni kwa hilo la mwisho.

#2 Fuawe

Tupa kuteleza ni habari njema mkuu. Maana yake limekamata, yaani limekuwa gumu sawasawa.

Tupa nzuri ina ugumu wa 62 hadi 65 kwa kipimo cha Rockwell C. Chuma cha springi kikipashwa nyuzi 200 kinabaki kwenye 58 hivi. Hiyo tofauti ni ndogo mno, kwa hiyo meno ya tupa yanavunjika ncha kabla hayajang'ata. Ukilazimisha utapoteza tupa tatu na bapa litabaki lilivyo. Ziweke kando. Kuanzia hapa chuma hakikatwi na chuma, kinakatwa na punje: jiwe, msasa, au almasi.

Angalizo kwa watakaosoma baadaye: kipimo cha tupa kifanyike kwenye chuma safi. Ngozi ya juu ya bapa lililokaa motoni imepoteza kaboni, tupa itaing'ata kidogo halafu chini yake iteleze. Mtu anahisi tupa imeng'ata, anadhani bapa halijakamata, analichoma tena bure. Futa ngozi hiyo kwa jiwe kwanza, ndipo upime.

Sasa hesabu, ili ujue unaingia kwenye nini. Kutoa makali mm 1 kuyafikisha mm 0.4 ni kutoa mm 0.3 kila upande pale chini, ikipungua mpaka sifuri mgongoni. Ni kabari ya mm 0.3 kwa mm 30, gawa kwa 2, zidisha kwa urefu wa mm 180: milimita za ujazo 810 kwa upande mmoja, 1,620 kwa pande zote. Chuma hicho kina uzito wa karibu gramu 13. Gramu 13 za chuma laini ni kazi ndogo kwa tupa. Gramu 13 za chuma kigumu kwa msasa ni jasho la siku. Safari nyingine acha mm 0.7 au 0.8 kwenye makali kabla ya kuzimisha, isipungue hapo maana makali membamba sana hupinda au kupasuka yakiingia kwenye mafuta.

#3 Msasa_wa_Maji

Naongezea alipoachia Fuawe, upande wa kununua.

Usinunue msasa wa mbao wa karatasi ya njano au kahawia, ule unachakaa kwenye chuma kigumu kabla hujamaliza kikombe cha chai. Nenda duka la rangi za magari, uliza msasa wa maji, ule mweusi. Punje zake ni silikoni kabaidi, na gundi yake inavumilia maji. Chukua namba 80 au 100 kama wanazo, 120, 220, 400. Ukitaka kisu king'ae, 600. Zaidi ya hapo ni fedha yako.

Kwa kazi nzito ya mwanzo kuna kitu bora zaidi: mkanda wa mashine ya kupigia msasa mbao, wenye mgongo wa kitambaa, namba 60 au 80. Karakana za samani hutupa mikanda iliyokatika kwenye maungio ikiwa bado mizima. Kata kipande, gundisha kwenye flati baa (kipande bapa cha chuma) kwa gundi ya mpira ile ya viatu. Hiyo ndiyo tupa yako mpya.

Flati baa yenyewe iwe ya mm 25 kwa mm 5, urefu sm 25, na iwe imenyooka kweli. Iweke juu ya kioo, ukiona mwanga unapita chini yake tafuta nyingine. Watu wengi huuweka msasa kidoleni. Kidole ni laini, kinaingia kwenye mabonde na kuacha vilima palepale, kingo zote zinakuwa mviringo na bapa linaonekana kama limeyeyuka. Kidole hakigusi msasa mpaka mwisho kabisa, na hata mwisho ni bora kisiguse.

Karatasi ya msasa ina mm 230 kwa mm 280. Ikate vipande vya mm 40 kwa 230, unapata saba. Kimoja kinaizunguka flati baa na kushikwa pembeni kwa vidole.

#4 Fuawe

Na namna ya kulishika bapa. Usilibane wima kwenye jiliwa na kusugua hewani, litatetemeka, na siku mkono ukiteleza utalikumbatia.

Tafuta ubao mgumu, mninga au mkwaju, unene mm 30 hivi, mwembamba kidogo kuliko bapa, mrefu kulizidi. Ubao ubanwe kwenye jiliwa, bapa lilale juu yake na likazwe kwa klempu mbili kwenye msuka. Ncha isining'inie, iwe na mbao chini yake mpaka mwisho, la sivyo itakuwa inainama kila ukisukuma na utaila zaidi ya kwingine. Chini ya bapa weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili lisitambae.

Makali yaache butu mpaka kazi yote ya msasa iishe. Narudia: butu. Bapa la mm 0.4 lisilonolewa tayari linachana ngozi ukilisugua vibaya, usiliongezee uwezo.

#5 Boliti_na_Nondo

Mkuu Springi_Fuso, kama mkono haujazoea kushika pembe moja, tengeneza kiongozi. Hakihitaji umeme wala hesabu za sekondari.

Bapa limelala kwenye ubao, makali yakikuelekea wewe. Nyuma, upande wa mgongo, simamisha boliti yenye tundu kichwani, ile ya kuning'inizia vitu. Flati baa yenye msasa iunge kwenye nondo ya mm 8, nondo ipite kwenye tundu la boliti. Ukisukuma na kuvuta, msasa unapita kwenye mteremko uleule kila mara.

Kimo cha tundu kinapatikana hivi. Bapa lako nusu ya mgongo ni mm 2, nusu ya makali unayoyataka ni mm 0.2. Tofauti mm 1.8. Gawa kwa upana mm 30, ni 0.06. Sasa pima toka kwenye makali mpaka kwenye boliti. Kama ni mm 400, zidisha kwa 0.06, unapata mm 24. Uso wa msasa pale kwenye boliti uwe juu ya usawa wa makali kwa mm 24. Uso wa msasa, si katikati ya nondo. Ukisahau unene wa nondo na baa unakosea kwa mm 9 na mteremko wote unaharibika.

Paka bapa lote maka peni nyeusi kabla ya kuanza. Vuta mara kumi, tazama. Wino ukifutika mgongoni tu, shusha boliti. Ukifutika kwenye makali tu, pandisha. Hapana, samahani, nimegeuza: makali yako yapo mbele na boliti ipo nyuma, kwa hiyo mgongoni tu maana yake boliti ipo chini mno, PANDISHA. Makali tu, SHUSHA. Acha niirekebishe kabla mtu hajaharibu kazi.

#6 Springi_Fuso

Nashukuru sana mkuu. Nimeelewa upande wa kwanza. Nikiligeuza, upande wa pili halilali tena, si limeshakuwa na mteremko chini?

#7 Boliti_na_Nondo

Msuka haujaguswa, bado ni bapa pande zote mbili. Ubane msuka palepale, acha sehemu ya makali ielee, kisha jaza nafasi iliyo chini yake kwa kabari nyembamba za mbao au kadi za simu zilizokwisha muda. Jaza mpaka bapa likibonyezwa kwa dole gumba lisishuke. Usijaze kwa nguvu likainuka.

Na usimalize upande mmoja wote ndipo uhamie wa pili. Geuza kila baada ya kuona maendeleo. Ukila upande mmoja tu mstari wa makali unahama toka katikati, na ukishahama hauurudishi bila kupoteza upana. Kabla ya kuanza chora mistari miwili kwenye unene wa makali kwa venia (kipimo chenye taya): kutoka kila upande ingia mm 0.3. Katikati inabaki mm 0.4. Mistari hiyo ndiyo bosi.

#8 Kipimo_Kwanza

Hicho kiongozi kina kasoro ambayo haisemwi. Nondo inazunguka kwenye tundu moja. Ukiwa katikati ya bapa umbali ni mm 400, ukienda pembeni kwenye ncha umbali unaongezeka, kwa hiyo pembe inapungua. Ndiyo maana visu vya kiongozi vina ncha nyembamba kupita kiasi.

#9 Boliti_na_Nondo

Mkuu, umbali wa nondo unaongezeka kweli, lakini pembe ya mteremko haibadiliki kwenye makali yaliyonyooka. Fikiria kipande cha kioo kilicholala kwenye mstari wa makali na kugusa tundu la boliti. Kinaweza kukaa mahali pamoja tu. Msasa unapolalia mstari ule na kupita kwenye tundu lile, uko kwenye kioo hicho hicho, uwe katikati au pembeni. Sharti: nondo iwe huru kujiviringisha kidogo ndani ya tundu. Ukiibana isijiviringishe hapo ndipo pembe inapotea.

Inapobadilika kweli ni kwenye mkunjo wa ncha, maana mstari wa makali wenyewe umegeuka. Hapo ama uhamishe boliti, au umalizie kwa jicho na maka peni.

#10 Kipimo_Kwanza

Hoja ya kioo imenimaliza. Naondoa niliyosema, kasoro inabaki kwenye mkunjo tu.

#11 Kijana_wa_Area_C

Wakuu mnajitesa. Apeleke kwa mtu mwenye grinda, dakika tano imeisha.

#12 Fuawe

Dakika tano imeisha ni kweli, na ugumu nao umeisha.

Grinda ya mkono ya mm 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Makali ya mm 0.4 hayana nyama ya kupokea joto hilo. Bapa hili lilipashwa nyuzi 200. Chuma safi kikipata joto hewani kinabadilika rangi: nyuzi 205 hivi manjano hafifu ya nyasi kavu, 230 hadi 240 nyasi iliyokolea, 255 kahawia, 270 hadi 280 zambarau, karibu 300 bluu. Rangi yoyote inayozidi ile manjano hafifu ni ushahidi kwamba pale ugumu umeshuka. Na hiyo bluu ya kwenye makali mafundi wengi huifuta kwa msasa kisha wanasema kisu kizima. Umefuta rangi, ulaini umebaki. Mteja atakwambia "kisu hakikai na makali" na hatajua kwa nini.

Grinda ni halali kabla ya kuzimisha. Baada ya hapo ni jiwe linalozunguka taratibu kwenye maji, au mkono.

Kitu kimoja tu kinachovumilia: visu vya blade kubwa za msumeno wa mashine, zile za chuma cha hai spidi. Hicho kinashika ugumu mpaka kwenye nyuzi 500 na zaidi. Lakini springi siyo hicho.

#13 Binti_Kibakwe

Habari zenu kaka zangu. Kabla hajachoma nguvu zote kwenye mteremko, tuulize kisu kinaenda kufanya nini, maana amesema kuchuna NA kukata. Hizo ni kazi mbili.

Kisu cha kuchuna kinataka mkunjo mpana kuelekea ncha, na ncha isiwe kali kama sindano. Ncha kali ndiyo inayotoboa ngozi, na ngozi yenye matundu na mikato ya kisu inashuka daraja kwa mnunuzi. Hii mikoa yetu ya mifugo hasara hiyo ni ya kila siku. Zungusha ncha kidogo, mviringo wa mm 3 hadi 4 unatosha. Ukiwa na bapa gumu hiyo kazi inafanywa kwa upande mkwaruzo wa jiwe, ule wa punje kubwa, bapa likiwa wima, ukiviringisha mkono kama unayepaka siagi. Dakika kumi.

Makali ya kuchuna mm 0.3 ni sawa. Ya kukata viungo, mahali ambapo kisu kinagonga mfupa, mm 0.5. Kwa kisu kimoja cha yote mawili hiyo 0.4 yenu nakubali. Ya kugonga mfupa moja kwa moja hayapo hapa, hiyo ni kazi ya shoka au panga. Panga lenyewe ni laini kiasi kwamba tupa inalinoa, ndiyo maana halipasuki.

#14 Springi_Fuso

Asante dada, ncha nilikuwa nimeichonga kama ya mkuki. Nitaizungusha. Halafu nimeweka rula mgongoni, nimeona bapa limepinda kidogo, kama mm 1 katikati. Nilisawazishe kwa jiwe?

#15 Fuawe

Usilisawazishe kwa jiwe, utaishia na bapa nene upande mmoja. Wala usilipige nyundo likiwa baridi. Chuma cha 58 hakipindi, kinakatika, tena ghafla.

Chukua angle aini nene au flati baa ya mm 10. Weka bapa juu yake, upande uliotuna uwe juu. Chini ya ncha na chini ya msuka weka vipande vya bati, halafu kaza klempu katikati mpaka bapa lipite mstari na kuinama upande wa pili, mara mbili au tatu ya mpindo wa awali. Yaani kama ulikuwa mm 1, lisukume mpaka mm 2 au 3 kwa upande mwingine. Ingiza vyote kwenye oveni nyuzi 190 hadi 200 kwa saa moja. Lisizidi joto ulilopashia mwanzo. Liache lipoe likiwa limebanwa, ndipo ufungue. Halikutosha? Rudia, ongeza kipande kimoja cha bati.

Hii ifanyike SASA, kabla ya msasa.

#16 Fitini_Makole

Tumsaidie kwenye msuka, naona wote mmeukwepa.

Biti ya kawaida ya keekee itaungua mdomo. Njia mbili.

Ya kwanza, laini msuka. Simamisha bapa kwenye kopo la maji, makali yote yakiwa ndani ya maji pamoja na sm 2 za kwanza za msuka, msuka uliobaki juu. Tochi ya gesi ipige mwisho wa msuka mpaka uone wekundu wa kiza, ule unaoonekana kivulini tu. Ndiyo maana ufanye ndani ya banda, jua la Dodoma la saa sita litakudanganya, utadhani bado wakati umeshapitiliza. Usifike wekundu angavu: springi nyingi zina kromi, zikipita kiwango kile na kupoa hewani zinaweza kuanza kuwa ngumu tena. Shikilia dakika moja, vuta tochi pole pole, acha upoe. Rudia mara mbili. Bluu peke yake haitoshi, msuka wa bluu bado unasumbua biti.

Ya pili, biti ya zege. Ncha yake ni kabaidi, ngumu kuliko bapa. Lakini inatoka dukani butu kwa sababu kazi yake ni kugonga. Inoe kwa tupa ndogo ya almasi mpaka midomo miwili iwe mikali. Keekee taratibu, tone la mafuta, mkandamizo wa kutosha. Kama ni ya umeme, zima ile ya kugonga. Ukiona doa linatokeza upande wa pili simama, geuza, malizia kutokea nyuma, kwani kabaidi inavunjika wakati wa kutoboka.

Kwa keekee ya mkono mimi naona njia ya kwanza ndiyo rafiki. Matundu mawili ya mm 5, la kwanza liwe mbali na mstari wa maji ili liangukie kwenye sehemu iliyolainika.

#17 Springi_Fuso

Ripoti fupi: limenyooka, msuka umetoboka kwa njia ya kwanza. Mteremko umefika mm 0.4, wino unafutika kote. Nimepita namba 80, 120, 220. Tatizo: kwenye 400 ikaibuka mikwaruzo mirefu ambayo kwenye 220 sikuiona kabisa. Imetoka wapi?

#18 Msasa_wa_Maji

Haikuibuka, ilikuwepo. Imetoka kwenye 80.

Chanzo ni msasa uliochoka. Punje zikiisha meno, msasa haukati tena, unapaka. Unalalisha chuma juu ya mkwaruzo na kuufunika. Jicho linaona uso laini. Msasa mpya wa namba inayofuata unakuja unafuta kile kifuniko, mkwaruzo unatokeza. Dawa ni kutupa kipande mapema. Sikiliza: msasa mzima unakwaruza kwa sauti kavu, uliochoka unanong'ona. Ukinong'ona, badili. Usionee huruma.

Na kila namba ipite mwelekeo wake. Namba 80 kutoka makali kwenda mgongoni. 120 kwa mshazari kuelekea kulia. 220 mshazari kushoto. 400 kwa urefu. Usihame mpaka mistari ya namba iliyopita iwe imekwisha yote, hasa kwenye bega karibu na mpini na mstari wa mwisho kabisa juu ya makali, ndiko inakojificha. Tazama kwa mwanga wa dirisha ukipita chini chini, si kwa taa ya juu.

Sasa rudi mpaka 120. Najua inauma. 220 haitaitoa mikwaruzo ya 80 labda usugue hadi Pasaka.

Maji: lita moja, sabuni ya vyombo matone machache, kijiko cha chai cha magadi soda. Magadi yanachelewesha kutu wakati unafanya kazi. Maji ya visima vingi huku kwetu ni mazito kwa chumvi, yakikaukia kwenye chuma yanaacha madoa meupe na kesho asubuhi madoa mekundu. Ukiwa na ya mvua, tumia hayo. Ukipumzika hata dakika tano, futa, kausha.

Na vumbi. Kati ya Juni na Oktoba upepo wa hapa hauna adabu. Punje ya mchanga ni ngumu kuliko bapa lako. Moja tu ikiingia chini ya namba 400 inachora mfereji wa namba 60, na wewe utakaa kulaumu msasa. Funga dirisha la upande wa upepo, osha ubao na bapa kila unapobadili namba, mwaga maji ya zamani, na kila namba ikae kwenye mfuko wake. Msasa wa 80 na wa 400 wakilala mfuko mmoja umeshakosea.

#19 Springi_Fuso

Nimerudi 120. Sasa niko 400 tena, safi, ila kuna vialama vidogo kama ndoano mwisho wa kila msuguo.

#20 Msasa_wa_Maji

Hivyo vinatokea pale unaposukuma mbele, unasimama, unarudi. Kwenye kugeuka, punje zilizong'oka zinaviringika na kuchora mkia.

Mzunguko wa mwisho usirudi. Weka kipande kipya, anza begani, vuta mpaka uvuke ncha bila kusimama, inua. Futa bapa. Sogeza msasa upate sehemu mpya, vuta tena. Mivuto sita hadi kumi kwa kila upande, yote mwelekeo mmoja, mkono ule ule, mkandamizo ule ule. Mafuta mepesi ya cherehani badala ya maji kwenye mzunguko huu yanasaidia.

Kisha ACHA. Kisu cha mbuzi kiking'aa kama kioo cha saluni nyama haitajua. Uso laini unachelewesha kutu kidogo na unaosheka vizuri, hiyo ndiyo faida. Kinachokata ni wembamba, na huo ulishaupata.

#21 Binti_Kibakwe

Tumpe na kunoa, tusimwache njiani.

Kwanza sawazisha jiwe lenyewe. Jiwe la pande mbili likitumika muda linafanya bonde katikati, na makali yakipita bondeni yanatoka ya mviringo. Msasa wa namba 80 juu ya kioo kinene au kigae, maji, chora mistari ya penseli juu ya jiwe, sugua mpaka mistari yote iishe.

Pembe: zidisha upana wa kisu kwa 0.26 upate nyuzi 15, kwa 0.34 upate nyuzi 20, kwa 0.42 upate nyuzi 25. Kisu cha mm 30 kwa nyuzi 20 ni mm 10.2, ikipimwa toka kwenye jiwe mpaka KATIKATI ya mgongo. Mgongo una mm 4, kwa hiyo chini yake kuna nafasi ya mm 8 tu. Kipande cha plaiwudi ya mm 9 kinakupa nyuzi 21 na ushei, na kwa bucha hiyo ni nzuri. Kiweke chini ya mgongo kuhisi pembe, kisha kiondoe, noa, rudi upime. Nyuzi 15 ziache kwa kisu cha nyanya.

Noa upande mmoja kwa sehemu mkwaruzo mpaka uhisi unyuzi wa chuma umekunjamana upande wa pili, toka kisigino hadi ncha, bila kuruka mahali. Upapase kwa kidole kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kando ya makali. Haujatokea? Hujafika, usihame upande. Ukishatokea, geuza. Halafu sehemu laini ya jiwe, mkono mwepesi zaidi kila mara, ukibadilisha pande moja kwa moja: kulia, kushoto, kulia. Unyuzi usipoondolewa kisu kinakata vizuri kwa mbuzi mmoja halafu unavunjika na makali yanaondoka nao. Mwisho mkanda wa ngozi, upande wa ndani, ukivuta kisu mgongo mbele, mara ishirini hivi.

#22 Fuawe

Na kabla ya kuweka mpini, pima ugumu wa makali. Tafuta kijiti cha brasi cha mm 6 hivi, kikaze kwenye jiliwa kikiwa kimelala. Laza makali juu yake kwa pembe ya kunolea, kandamiza kwa nguvu ya kutosha na uyapitishe yote. Chini ya mwanga utaona makali yanajikunja kidogo na kurudi. Yakibaki yamejikunja, ni laini au ni membamba mno. Yakimeguka, ni magumu mno: yarudishe kwenye oveni nyuzi 220 kwa saa mbili, kisha unoe upya. Ndiyo maana mpini unasubiri.

#23 Springi_Fuso

Makali yanajikunja na kurudi, toka kisigino hadi ncha. Mpini wa mninga unaendelea. Swali la mwisho wakuu: nikipake mafuta ya alizeti kikiwa kinasubiri mteja? Yamebaki yale ya kuzimishia.

#24 Msasa_wa_Maji

Hapana. Alizeti ni nzuri kwa kuzimishia, lakini ikipakwa nyembamba hewani inaganda, baada ya wiki kadhaa kisu kinakuwa na gundi ya njano inayokusanya vumbi. Kwenye jiwe ndiyo mbaya zaidi, inaziba vinyweleo na jiwe linaacha kukata. Pia hayo yamepikwa na magamba ya chuma, hayafai kurudi karibu na nyama. Pata mafuta ya parafini meupe ya duka la dawa, tone moja kwenye kitambaa, pakaa, futa mpaka uone kama hukupaka.

#25 Binti_Kibakwe

Na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi mbichi. Kifungie kwenye gazeti kavu mpaka siku ya mnada.